Nimenunua matatu nne za kuweka kwa rafu: grafiti fundi anaiweza, laini ya manjano ndio imemlemea

Wacha nianze na bei, juu najua ndio mnatafuta. Zote nne 21,000: basi la ghorofa 8,000, ile ya siti 33 ikanila 6,000, Nissan na Peugeot 3,500 kila moja, na boda ya kuniletea nikalipa mwenyewe. Msifikirie ni zile za plastiki za kuchezewa na watoto, hizi ni za mkono, plywood na bati, zinatengenezwa na fundi mmoja wa kule Kariobangi Light Industries mwenye sitamtaja jina juu kuna mahali nitamkwaruza kidogo na jamaa bado anatafuta wateja.

Kwa wenye haraka: ukitaka nganya, yaani matatu ya grafiti kama hiyo yangu ya siti 33, nunua hata leo. Ukitaka gari ya zamani iliyopakwa rangi venye ilikuwa barabarani, mpelekee picha, keti naye chini, mwambie ni mwaka gani, la sivyo atakupakia kitu kizuri sana chenye hakijawahi kutembea Nairobi.

Nganya ndio ilinitoa pesa. Skeli ni moja kwa ishirini na nne, nimechukua rula nikapata sentimita 32 na nukta, hiyo ni sawa kwa Isuzu NQR ya siti 33. Mwili ni plywood nyembamba, kona zimezungushwa na bati la mkebe, madirisha plastiki nyeusi, mlango uko kushoto panapofaa na ngazi zake mbili ndani. Rangi sasa. Jamaa amepiga airbrashi kweli, hakuna stika hapo. Nyuma kuna Bob Marley na moshi unapanda mpaka kwa spoila, ubavuni Thomas Sankara, yule rais wa zamani wa Burkina Faso, na ile bereti, na nyota ya bereti nimeiangalia na miwani ya kusomea ya mamangu, ina ncha zote tano na haizidi punje ya mchele. Chini ni zambarau iliyokolea, juu yake silva imerushwa kidogo kidogo hadi inapotelea kwa paa, halafu kliya, ile vanishi ya kung'arisha, imemwagwa juu ya kila kitu na sijaona hata vumbi moja limenaswa ndani. Nikamuuliza amejifunzia wapi akaniambia ameshinda miaka kwa gereji za kujenga bodi akipaka za ukweli, na hapo nikaelewa, juu huyu hapaki modeli ya nganya, anapaka nganya, ni vile tu imekuwa ndogo.

Na za ukweli ndio hivyo zinavyofanyika. Chasi ya NQR inatoka dukani ikiwa uchi, kichwa na fremu tu, inapelekwa kwa wajenzi, wanachomelea mbavu, wanavika mabati, inapigwa fila, msasa, prima, ndio msanii anaitwa. Mpaka iingie barabarani mwenye gari ameshamwaga milioni kadhaa, na sehemu nzuri ya hizo ni rangi, taa na muziki. Watu wa nje wanaona ni ujinga lakini hesabu iko: simama steji ya Rongai ama ya Umoja saa kumi na moja jioni uangalie wanafunzi wanaacha gari tatu zipite zikiwa na nafasi, wanangoja moja. Hiyo moja inajaa haraka, konda anaongeza mbao, shilingi ishirini, kwa nauli na hakuna anayelalamika, dere anapiga raundi zaidi. Mtindo wake ukipitwa, gari inarudi kwa gereji, inapakwa upya, inapewa jina jipya, na ule mwili mmoja unaweza kuwa umeishi maisha matatu kabla uende kubeba mboga.

Kitu kimoja kilinifurahisha hapo kwa nganya, laini ya manjano, ule ukanda wa sheria wa kuandikwa njia ya gari, ameiweka. Lakini ameiweka nyembamba, chini, imezamishwa kwa moto wa grafiti mpaka uitafute, na hivyo ndivyo wenye nganya wanafanya, karao, yaani polisi, akisimamisha unamwonyesha "si hii hapa afande", abiria naye hata haioni. Kwa hiyo modeli pointi zote.

Shida ni Nissan.

Nilimwambia wazi nataka Nissan ya 2004. Kwa wale mlikuwa wadogo: sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilitoka 2003 kwa tangazo la kisheria nambari 161, zikaanza kuuma tarehe 1 Februari 2004, na hiyo wiki watu walitembea kwa miguu mpaka viatu vikalia juu matatu nyingi zilikuwa zimefichwa hazijatimiza. Mikanda ya usalama kwa kila siti, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, Nissan iliyokuwa inabeba watu 18 wakibanana ikashuka hadi 14, konda akavaa maruni, dere akavaa bluu nyeusi, na kila gari ikachorwa ukanda wa manjano mzunguko mzima wenye umeandikwa njia yake. Grafiti kwaheri. Zile manyanga zote za miaka ya tisini, zenye majina ya marapa na macho ya chui, zikapigwa nyeupe. John Michuki hakuwa anacheka na mtu na ule ukanda haukuwa urembo, ulikuwa wa kumfunga mwenye gari, ukiandikwa Kawangware 46 huwezi mvua ikinyesha ukahamia barabara yenye watu wanalipa mara mbili.

Sasa sheria ilisema ukanda uwe na upana wa milimita 150. Gawanya kwa 24, unapata milimita sita na robo. Yeye amenipatia 11. Yaani ingekuwa gari kamili hiyo ni karibu sentimita 26, hiyo si laini tena ni mshipi wa mwanakarate. Na haijanyooka, upande wa dereva inaanza chini ya kioo inaishia juu ya taa ya nyuma. Ukiiangalia karibu unaona ametumia tepu ya karatasi ya kawaida, rangi ikapenya chini yake ikaacha vijimeno, na juu ya plastiki ya dirisha la nyuma kuna tone limekauka. Halafu, hapa ndio nilishika kichwa, ndani ya ukanda ameandika jina la sacco, ule ushirika wa wenye matatu. 2004! Sacco zimekuja kulazimishwa kwa matatu 2010 huko. Nilipomwambia akasema "lakini mkubwa gari zote si ziko na sacco?" Zote za leo, ndio. Kwa hiyo niko na Nissan yenye imevaa nguo za miaka miwili tofauti.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini mtu anaweza kuchora bereti ya Sankara na ashindwe na mstari mmoja, na nadhani ni hii: grafiti inasamehe. Ukikosea moshi unaongeza moshi. Kivuli kikizidi unakifanya radi. Mstari mmoja wa manjano juu ya gari nyeupe hauna mahali pa kuficha kosa, ama umenyooka ama haujanyooka, na fundi wa nganya hajawahi kulipwa kunyoosha, amelipwa kufanya watu wageuke. Wale wa kupiga laini 2004 walikuwa vijana wengine kabisa, wa kupaka namba na maandishi ya milango ya lori.

Pia tuseme ukweli mwenye matatu wa Nairobi amelipia rangi mara nyingi kuliko mtu yeyote hii Kenya. 2004 akafuta. Michuki akahama wizara, pole pole michoro ikarudi ikianzia kwa kioo cha nyuma, ikiishia kila mahali. Mwishoni mwa 2014 hivi Rais Uhuru akasema vijana wa sanaa waachwe wapake, ikawa sherehe. Novemba 2018 Matiang'i, waziri wa usalama wa ndani wakati huo, akaamka na zile zile za Michuki, tarehe 12 matatu zikagoma, watu wakapiga Thika Road na Jogoo Road na miguu tena, gereji zikajaa foleni ya watu wanataka kufutiwa, na laini ya manjano ikapakwa usiku kucha. Halafu ikapoa. Angalia barabarani leo. Kwa hivyo ukimwagiza fundi "matatu ya Nairobi" bila kumwambia mwaka hujamwambia kitu.

Peugeot 404 sina mengi. Ile pikapu yenye turubai na mabenchi mawili nyuma, za miaka ya sabini, baada ya Mzee Kenyatta kutoa amri 1973 kwamba matatu zibebe watu bila leseni zile za mabasi. Umbo amelipata vizuri sana, hata ule mkunjo wa boneti. Rangi krimu, imechubuliwa makusudi na msasa kwa madigadi ionekane imefanya kazi, safi kabisa. Halafu akaichora laini ya manjano. 404! Miaka thelathini kabla ya sheria! Nilicheka nikaiacha hivyo hivyo, ni 3,500, na watoto wa dadangu ndio wanaipenda kuliko zote.

Basi la ghorofa ndilo nilikuwa nalingoja kwa hamu na ndilo limeniumiza zaidi, ingawa pia ndilo sitaliuza. Ni lile la KBS, yaani Kenya Bus, la miaka ya tisini. Historia kidogo juu bila hiyo hamtaelewa kilio changu. Kenya Bus ilianza Nairobi 1934, ikiletwa na kampuni ya London iliyoitwa Overseas Motor Transport, na basi 13. 1966 baraza la jiji likachukua asilimia 25 na kampuni ikapewa jiji peke yake, ndiyo maana zile pikapu zilikuwa haramu kwa karatasi mpaka hiyo 1973. Serikali nayo ikaleta Nyayo Bus 1986, vijana wa NYS, huduma ya vijana ya taifa, ndio walikuwa wafanyakazi, ikafa miaka ya tisini. 1991 Stagecoach ya Scotland ikainunua KBS, na Stagecoach hao walikuwa na tabia moja, popote walipo rangi ni ile ile: nyeupe mwili mzima, na mistari mitatu ya nyekundu, chungwa na bluu. Scotland hivyo, Malawi hivyo, hapa steji ya Kencom katikati ya Nairobi hivyo. Mtu wa Nairobi alikuwa anapanda basi lenye limevaa sawa sawa na basi la Uingereza na hana habari.

Watu huchukia rangi ya kampuni wakisema haina roho lakini kazini ina akili sana. Pipa moja la nyeupe linatosha gereji nzima. Basi limegongwa ubavuni, unafungua bati la basi lingine bovu unabandika, mistari inaungana, linarudi barabarani jioni. Nganya ikigongwa Sankara amepoteza sikio na lazima yule msanii atafutwe, na akishakuja hatachora sikio peke yake, atataka ubavu wote. Hii si nadharia, nimeiona kwa rafu yangu: boda alipoleta mzigo kona ya nganya iligongana na kitu ikachubuka kwa bega la Sankara, kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, na fundi akasema zambarau ile aliichanganya mwenyewe haiwezi kurudi vile vile, apake ubavu mzima kwa 1,500. Paa la ghorofa lilichubuka safari hiyo hiyo. Nimepaka na chupa ya nyeupe ya dukani, huoni.

Sasa mistari. Mitatu, rangi tatu, inanyooka chini ubavuni halafu inakunjwa kupanda juu. Kwangu kuna nyekundu na bluu, chungwa ameisahau, ama aliona nyekundu na chungwa zinakaribiana akaona niache. Hiyo ningemeza. Lakini upande wa kushoto mistari inapanda kuelekea nyuma, na upande wa kulia inapanda kuelekea mbele! Nimejua alichofanya, amekata karatasi moja ya kupigia rangi, akapiga kushoto, akaihamisha kulia bila kuigeuza. Mzee mmoja jirani yetu aliendesha KBS miaka hiyo, nikampelekea aone, akaishika na mikono miwili akaigeuza huku, akaigeuza huku, akaniuliza, "Sasa kijana wangu, hii gari inaenda ama inarudi?"

Nikamwambia inarudi Manchester. Hakuelewa mpaka nikamweleza na nyinyi pia wengi hamjui: zile ghorofa za Dennis Dragon za KBS, Stagecoach walipouza biashara 1998, baadhi hazikubaki. Zilipakiwa zikapelekwa Uingereza zikafanye kazi Manchester kwa huduma ya bei rahisi iliyoitwa Magic Bus. Wenzetu nao wanaendesha upande wa kushoto kama sisi kwa hiyo hata mlango haukuhamishwa. Kilichobadilishwa ni rangi, zikapigwa bluu na maandishi ya manjano, wanafunzi wa chuo wa huko wakapanda miaka basi ambalo liliwahi kupanda Jogoo Road limejaa mpaka ngazi. Mzee alinyamaza kidogo akasema "kumbe ndio maana" na akaanza kuniuliza kama bado zinatembea. Hiyo stori ndiyo ilinifanya nikataka hii modeli tangu mwanzo, na ningependa kweli fundi atoe mbili, moja nyeupe na moja bluu, ukiziweka pamoja hakuna haja ya kueleza mtu.

Kando kidogo: kwa orodha yake ya WhatsApp kuna kitu anakiita tramu ya zamani ya Nairobi, kijani na krimu, imeandikwa Government Road. Ni nzuri kupita kiasi. Nairobi haijawahi kuwa na tramu wadau. Mombasa ndiyo ilikuwa na vile vigari vya reli zamani za ukoloni, na vilikuwa vinasukumwa na watu. Usimlipe 9,000 ukifikiri umenunua historia, nunua kama ni rangi umependa.

Huduma yenyewe iko katikati. Anajibu simu, anatuma picha kila hatua hata kama hujamwuliza, na hiyo ndio ingekuwa nafasi ya kumkamata kabla kliya haijapigwa, juu kliya ikishakauka kurekebisha ni kuanza upya. Anachelewa, alisema wiki mbili ikawa mwezi na zaidi, sababu ikiwa stima, bila stima kompresa haisukumi na airbrashi ni chuma tu. Kufunga mzigo ni gazeti na boksi la sabuni, mwambie aongeze sponji, lipa hata mia mbili zaidi. Kitu cha heshima, nilipomwonyesha ile Nissan na rula hakubisha. Aliiangalia akasema "hapa nimekuangusha boss," akaifuta laini bure, akapiga mpya akitumia ile tepu nyembamba ya plastiki ya watu wa magari, ikatoka milimita sita safi na njia imeandikwa bila sacco. Ghorofa amekataa kuigusa bila malipo juu ni kupaka ubavu wote na siwezi kumlaumu, ameniitisha 2,000 bado nafikiria.

Kwa hiyo nganya nampa tano kwa tano, Peugeot tatu na nusu, Nissan ilikuwa mbili sasa ni nne, ghorofa tatu na hiyo ni kwa sababu ya umbo na viti vya ndani vyenye amevipanga mpaka juu. Ukiagiza gari yoyote ya kampuni ama ya enzi za Michuki mpe vipimo kwa milimita, mpe picha za pande zote mbili, mwandikie mwaka kwa karatasi na umwambie kisichotakiwa kuwepo, juu akiona nafasi nyeupe mkono unamwasha.

Mimi nimemwagiza ingine, basi la Double M, kampuni ya mabasi ya Nairobi, zambarau ile yao, hakuna moshi, hakuna bereti, hakuna kitu cha kumsaidia. Amelia kidogo akasema hiyo kazi haina ladha. Nimemlipa nusu, nusu ingine ataiona nikishaigeuza pande zote mbili.